Matawi Meupe ya Katekista

Katekista hakula samaki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonikera mapema. Mimi nina hoteli ndogo Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Kenya, na sifa ya hoteli yangu ni samaki wa kukausha aliyepikwa kwa njugu. Mtu wa kisiwani anakuja kwako miaka nenda miaka rudi, anasogeza sahani ya samaki pembeni kwa kidole kimoja, anaomba maharage. Nilidhani ananidharau. Siku nilipomkabili alisema hawezi kuwala majirani zake, akaendelea kupuliza chai yake.

Tena aliogopa maji. Wavuvi wa Majanji walikuwa wakija hotelini kuniigizia jinsi anavyovuka: anakaa katikati ya mtumbwi, macho ameyafumba, rozari mkononi, na hayafumbui mpaka asikie mchanga unakwaruza chini. Walimtania kwamba kwa safari moja anamaliza sala za mwezi mzima. Yeye aliwajibu kwamba Petro alikuwa mvuvi kuwashinda wote, na bado alianza kuzama.

Jina alikuwa nalo, lakini hakuna aliyelitumia. Parokiani kwetu kila aliyebatizwa, kila aliyepata kipaimara, kila bwana harusi aliyelazimika kujifunza sala upya kabla ya ndoa, alipita mikononi mwake. Mimi ni Mpadhola wa Mwello, niliolewa nikaletwa Busia, na yeye ndiye aliyenipokea parokiani, akaniweka katika kikundi cha akina mama wanaopamba kanisa. Hivyo nilimjua pande mbili, altareni na mezani, na nakuambia kweli, wale walikuwa watu wawili.

Wa altareni alikuwa mkavu. Alisoma matangazo kama polisi anayesoma mashtaka. Wa mezani alikuwa na kisiwa.

Kisiwa chenyewe kiko ziwani mbele ya Majanji, na anga likiwa safi unakiona kutoka ufukweni. Kina jina lake, ila yeye alikiita kule, na sisi wote tukazoea kusema kule. Ukimwekea chai ya pili alianza. Ukifika kule, alisema, hupokewi na ardhi, unapokewa na mafunjo yaliyosimama majini, na ndani ya mafunjo kuna ndege, mdiria na kwarara, kuna fisi maji anayekula kambare amelala chali. Ukipita mafunjo unakuta yungiyungi. Halafu mikindu, ukuta wa mikindu kuzunguka kisiwa kizima, mashina yameinamia ziwa, matunda yake ya rangi ya machungwa yananing'inia kwa vichane, na mnana wale wa manjano wamesuka viota kwenye ncha za majani mpaka mti mzima unapiga kelele. Nyuma ya mikindu ndiyo mikuyu inayozaa hadi shinani, na popo wanaoning'inia humo mchana kutwa wakigombana. Juu kabisa, kwenye mawe, mvule, na furukombe juu ya mvule.

Kila mmea na kila mnyama alikuwa amempa cheo parokiani. Mvule ni mzee wa kanisa, anachelewa katika kila jambo. Mkuyu ni mama mwenye watoto wengi na hachagui nani ale kwake. Tumbili ni wanakwaya, kazi yao kubwa kelele. Alisimulia vijidudu vya ziwa vinavyopanda kutoka majini kama moshi, wingu zima, hata watu kanisani kule wanaimba midomo imefungwa. Alisimulia kenge aliyekuwa akiingia jikoni kwa mama yake kunyonya mayai, na mama akamzoea mpaka akawa anamwachia moja mlangoni. Alisimulia kiboko aliyekuja kula majani kando ya kigango cha kisiwani, na waumini wakangoja ndani hadi ashibe. Madereva wa malori, watu wa Mombasa, watu wa Kampala, waliacha simu zao kumsikiliza. Wengine walidhani anatunga. Mimi mwenyewe kwa muda mrefu nilidhani anatia chumvi kidogo.

Sasa, mtu wa namna hiyo ungetegemea nyumbani kwake pawe msitu. Hapakuwa na kitu. Uani kwake palifagiliwa hadi udongo ukang'aa, hapana hata mpapai. Mwanangu Athieno alipompelekea mche wa mzambarau aliurudisha kwa heshima. Nilimuuliza mbona, akasema yeye ni mpangaji tu huku, na mti si mzigo wa mpangaji. Aliishi Busia zaidi ya nusu ya maisha yake akijiita mpangaji.

Hasira alikuwa nayo, tena ya moto. Pale kwenye malori kuna jalala, na kwenye jalala kuna kongoti, wale ndege wakubwa wenye vipara na mfuko shingoni ambao hakuna mtu anayewapenda. Siku moja utingo alimrushia mmoja jiwe, akamvunja bawa. Katekista aliacha chai, akavuka barabara kati ya malori, akamshika kijana wa watu ukosi. Nilikimbia nikidhani atampiga. Hakumpiga. Alimuuliza kama yuko tayari kula taka badala ya yule ndege, na alitaka kujibiwa, hakumwachia mpaka ajibiwe. "Usiseme ni ndege tu," aliniambia baadaye. "Mama Athieno, kila kitu Mungu ameweka, ameipatia kazi. Wewe ukiua yeye, hiyo kazi utafanya wewe?" Kongoti alikufa hata hivyo.

Na huyuhuyu aliyetufundisha kusamehe saba mara sabini hakusema na shemeji yake kwa miaka mingi. Shemeji alikata mkuyu kule kisiwani, mkuyu wa popo, apate kuni za tanuri la kukaushia samaki. Katekista alipovuka akakuta popo wanazunguka hewani juu ya pengo, mchana, hawajui pa kutua. Aligeuza mtumbwi. Shemeji alipougua alituma salamu, alipokaribia kufa alituma tena, na Katekista hakwenda. Alikwenda kwenye mazishi, akaongoza sala vizuri kabisa, akarudi. Padre alimsema sana kwa hilo. Mimi pia nilimsema. Alinisikiliza, akajibu kwamba anajua, na kwamba Mungu atamuuliza.

Watoto wa mafundisho aliwafundisha kwa kutumia kule. Dhambi ilikuwa gugu maji, linaingia ziwani na ua zuri la zambarau, kila mtu anasema tazama lilivyo zuri, na kabla hujageuka mtumbwi haupiti. Neema ilikuwa chemchemi iliyotoka chini ya mvule na kamwe haikukauka hata jua likiwaje. Watoto wa Busia wamekulia vumbi la malori, hawajawahi kuona chemchemi, lakini ukiwauliza neema ni nini walikuambia iko wapi na inatoka chini ya mti gani.

Ila jambo lililomtambulisha kwa watu wote, kuanzia kwetu hadi Tororo na hata ng'ambo ya mpaka, ni matawi.

Jumapili ya Matawi watu wa parokia nyingine hubeba chochote. Wengine wana majani ya mgomba, wengine vijani vya kijani vyenye vumbi vilivyochumwa kando ya barabara. Sisi tulikuwa na matawi meupe. Katikati ya kichwa cha mkindu kuna jani changa ambalo bado limejikunja, halijaona jua. Sisi tunaliita moyo. Ukilikata kabla halijafunguka, ndani ni jeupe lenye umanjano kidogo, laini, unaweza kulisuka msalaba, unaweza kulisuka taji, na linanukia. Siku chache kabla ya sikukuu Katekista alivuka kwenda kule, macho yamefumbwa, akarudi na mzigo uliofungwa kwa magunia mabichi. Sisi akina mama tulikaa uani kwa padre kusuka. Nasema bila aibu, hakukuwa na siku katika mwaka niliyoipenda kama ile, vidole vinanata utomvu, mtu anaanzisha wimbo, na Katekista anapita nyuma yetu kukagua, ukavu wake wote umemwisha.

Mwanzoni alikata mwenyewe, na dada yake, mdogo wake anayeishi kule, alimshikia ngazi. Kwa kweli dada ndiye aliyemfundisha, kwa kuwa akina mama wa kule walizoea kuchukua moyo mmoja mmoja wa kusukia mikeka, leo mti huu, mwakani mti ule. Halafu parokia ikakua. Maandamano yakafika hadi barabara kuu, madereva wakisimama kupiga picha. Parokia moja ya Tororo ikaomba. Ikaja ya upande wa Kenya. Vijana wakaanza kwenda naye, mitumbwi miwili, mitatu, kila mmoja na panga lake. Katekista alisimama mlangoni mwa kanisa akitazama ule weupe wote ukipita, na alijivuna. Aliwahi kuniambia kwamba Yerusalemu yenyewe haikuona matawi kama ya kule. Nilicheka, nikamwambia asimwudhi Bwana Yesu siku ya sherehe yake.

Mkindu ukiukata moyo mara moja huvumilia. Ukiukata kila mwaka unakonda. Majani ya zamani yanazeeka na kuanguka kama kawaida, na ya kuyarithi hamna. Mwisho shina linabaki limesimama bila kichwa. Hili halikuonekana mara moja, maana mikindu ilikuwa mingi, na mtu aliyetangulia kuliona aliliona peke yake. Mwaka mmoja Katekista alirudi na mzigo mdogo. Tulidhani ni uzee. Tukamwambia mwakani tutaongeza vijana. Alikaa kwenye kiti chake hotelini, chai ikapoa, nikamuuliza kuna nini kule, akasema mnana hawakusuka mwaka huu.

Kuanzia hapo hakuwa yuleyule. Aliacha kusimulia. Dereva akimwomba habari za kiboko alisema amesahau.

Halafu ikaja korona, na kanisa likafungwa, na Jumapili ya Matawi ikapita kila mtu nyumbani kwake mbele ya redio. Nilimkuta amekaa uani kwake pale palipofagiliwa, nikaanza kumpa pole, katekista asiye na kanisa. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyeshikwa na kosa. Aliniambia anamshukuru Mungu kanisa limefungwa, kwa sababu mwaka huu hakuna atakayekata, na kwamba ameungama hilo kwa padre kwa simu. Wakati watu wanazikwa bila kuagwa, yeye alikuwa anawaza mikindu. Nilimkasirikia wakati ule. Sasa simkasirikii.

Kipindi hichohicho ziwa likapanda. Kila mtu wa pwani ya ziwa hili anakumbuka. Kule lilikuta ukingo umeshikiliwa na mizizi ya miti iliyokufa, na ukingo ukaachia. Ulikwenda kwa vipande, mikindu iliyosimama na iliyokufa pamoja, na bustani za mihogo, na makaburi, na ile chemchemi ya neema ikawa sehemu ya ziwa. Watu wakahamia bara. Vijana walioondoka kisiwani wengi wako Tiira sasa, wanachimba dhahabu kwenye mashimo.

Padre, huyu wetu wa sasa, kijana mwenye subira, alimfuata mpaka hotelini kwangu kumfariji. Alimweleza kwamba ziwa limepanda kila mahali, Kenya limepanda, Tanzania limepanda, na huko hakuna mikindu yake. Tena kwamba tanuri za samaki zilimaliza msitu kabla ya matawi. Yote yalikuwa kweli. Katekista alimsikiliza hadi mwisho.

"Huko ingine watajibu wenyewe, Padre," alisema. "Ya kule nitajibu mimi."

Mikindu hatimaye tuliiacha, lakini si kwa namna aliyotaka. Alisimama kwenye baraza la parokia, kofia mkononi. Nilikuwepo. Alisema hivi, na sijasahau neno. "Ile nyeupe tunapenda, ni mtoto yenye bado haijazaliwa. Kila mwaka tunatoa mtoto kwa tumbo ya mama yake, tunaleta kanisani, tunaimba. Mimi ndiye nilianza. Mimi ndiye naomba tuache." Kisha mwenyekiti wa akina mama, mtu mwema tu, akauliza kama anataka Bwana Yesu aingie Yerusalemu kwa majani ya ndizi, na watu wakacheka, cheko lile la kutaka jambo lipite. Wakakubaliana kwamba kisiwa kipumzishwe, na matawi yachukuliwe kwenye kinamasi cha mto Sio, ambako mikindu bado ni mingi. Wakampigia makofi. Alirudi akaketi kando yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba tumehama tu. Mwaka ule matawi yalikuwa meupe kama kawaida, na yeye aliingia kanisani mikono mitupu, akasimama nyuma karibu na mlango.

Kwa hiyo alibaki na tumaini moja, na nitalieleza wazi kwa sababu kila kitu kilichofuata kimo humo. Nyuma ya nyumba ya dada yake, mbali kidogo na maji, ulibaki mkindu mmoja. Mmoja mzima, wenye kichwa. Dada aliuzungushia uzio wa miiba dhidi ya mbuzi. Katekista aliuona mara ya kwanza alipokwenda kuwaona waliobaki, akamsifu dada, akamwambia aendelee kuuchunga hivyohivyo. Safari iliyofuata aliukuta umechanua. Aliporudi alikuja hotelini moja kwa moja, akaniambia kwamba ukipata kuzaa atachukua mbegu, ataziotesha huko huko kisiwani, na dada atazimwagilia. Miche ikikua itashika ukingo. Hakuwa mjinga. Alijua hataiona. Alikuwa akihesabu kwa maisha ya watu wengine.

Nilimuuliza kama amemweleza dada yake haya yote. Habari ya matawi, kwamba ndiyo iliyoua. "Yeye ndiye alinifundisha kukata," alisema. "Alinishikia ngazi tangu tuko wadogo. Sasa nimwambie nini? Aende kulala na hiyo kitu kwa roho yake, pale peke yake, kila siku anaona maji?" Alisema mzigo huo unamtosha mtu mmoja. Nilimwona mtu mwenye huruma, nikamwacha.

Mwaka jana, wiki ile ya kuelekea Jumapili ya Matawi, alikuja kuniomba nimsindikize. Magoti yalikuwa yamemwisha, na wavuvi hawakutaka kumbeba peke yake tena. Alikuwa amekokotoa kwamba matunda yatakuwa yameiva. Alibeba mfuko wenye viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche, alivyopewa na kijana mmoja mwenye kitalu. Nilifunga hoteli. Miaka yote ile ya kusikia kule, sikuwahi kufika.

Nitasema nilichokiona. Gugu maji lilitupokea, tukaingia kwa kulisukuma kwa makasia. Ndani ya maji, mbali na ukingo, vilisimama vigogo vya mikindu visivyo na vichwa, na juu ya kila kigogo mnandi mweusi akianika mabawa. Palipokuwa na mikuyu palikuwa na tanuri za udongo, nyingine zimeachwa. Juu kwenye mawe hapakuwa na mvule, palikuwa na kisiki kipana ambacho mtu ameanika dagaa juu yake. Kisiwa kizima unakiona kwa kutupa macho mara moja, kwa maana hakuna cha kuzuia macho. Na Katekista, nikiwa nimemshika mkono, alikuwa akinionyesha kwa fimbo: hapa fisi maji, hapa mnana, pale popo. Alikuwa amerudi kusimulia. Sauti ilikuwa ileile ya chai ya pili. Nililia, na nikasingizia moshi wa samaki.

Dada yake alikuwa ametuona tangu mtumbwi ukiwa mbali. Mwanamke mwembamba, mjane wa yule shemeji, amevaa gomesi yake ya kanisani, na alitupokea kwa mikono yote miwili. Alitukalisha kivulini, upande wa mbele wa nyumba, akatuletea maji, akatuuliza habari za huko, mulembe na mulembe, hana haraka, ila alikuwa na furaha iliyomjaa kifuani na inatafuta pa kutokea. Katekista aliulizia afya yake. Aliulizia mbuzi. Nilijua anachotaka kuuliza, na nilijua anajichelewesha makusudi, kama mtu anayejiwekea nyama mpaka mwisho wa chakula.

Dada akaingia ndani. Alitoka amebeba kitu kilichofungwa kwa shuka safi, kirefu kumzidi yeye mwenyewe, akakilaza juu ya magoti ya kaka yake, juu ya ule mfuko wa viriba, na kukifunua.

Sijawahi kuona tawi kama lile. Miaka yangu yote ya kusuka sijaliona. Lilikuwa refu, limejikunja sawasawa, jeupe kama maziwa.

"Nilisema Katekista amechoka na sisi," dada alisema. "Miaka mingi hukuja kwa matawi. Nikasema labda huko town wamepata mazuri kushinda yangu. Lakini mimi nachunga yako tu, kaka. Mbuzi nafukuza, watu wa kuni nafukuza, wenye walitaka kukata nimepigana nao. Uliniambia nichunge, nimechunga. Sasa wamesema unakuja wiki ya Matawi, nikajua. Nimekukatia jana. Matunda yake ilinizuia, nikaangusha ikiwa bado mbichi, mbuzi wamekula. Nimefika mpaka chini kabisa, ndiyo iwe ndefu."

Katekista alilipitisha tawi mikononi taratibu hadi kwenye kitako chake. Hapo ndipo nami nilipoona. Dada alikuwa ameufuata moyo ndani ya shina, akakata na kile kipande kinene, laini, cha kuliwa, ambacho majani yote ya mkindu hutokea. Ukikitoa hicho hakuna kinachoota tena. Hatukuhitaji kwenda nyuma ya nyumba. Kidole gumba chake kilikaa palepale kwenye mkato, kikipapasa, na utomvu ulikuwa haujakauka.

Nilimwangalia. Nilikuwa najua hasira yake, nilimwona akimshika utingo ukosi kwa ajili ya kongoti, na nilijua alivyomfungia mlango shemeji hadi kaburini kwa ajili ya mkuyu. Nilishika mkono wa kiti. Dada alisimama mbele yetu, mikono ameiweka kifuani, akingoja.

"Ni nzuri?" aliuliza.

"Ni nzuri sana, dada yangu," alisema Katekista. "Haijawahi kuwa nzuri namna hii. Asante."

Dada akacheka kwa furaha, akamfuta kaka yake jasho kwa ncha ya ile shuka, na kumwambia asiwe na wasiwasi, sasa amejua bado anayahitaji, mwakani atamkatia ingine.

"Ndiyo," alisema. "Mwakani."